Asante Inayotaja Kazi

Saa nne na dakika kumi usiku, simu iliyokuwa kwenye chaji ililia mara moja. Nilidhani ni ujumbe wa bando kuisha. Kumbe ilikuwa arifa ya Wikipedia ya Kiswahili: mtumiaji mmoja, ambaye sura yake siijui wala mji wake, amenishukuru kwa hariri niliyoifanya jioni kwenye makala ya Ziwa Jipe. Hariri yenyewe ilikuwa ndogo. Niliikuta sentensi iliyoliweka ziwa lote upande wa Tanzania, nikaisahihisha, nikaandika kwamba mpaka na Kenya unapita humo humo ziwani. Maneno yasiyofika kumi na tano. Nilikuwa nimeshavua miwani nilale. Niliivaa tena, nikafungua kompyuta, nikaendelea na maziwa mengine hadi saa saba.

Ninafundisha saikolojia ya jamii, kwa hiyo sikuweza kuliacha jambo hilo lipite. Mtu mzima mwenye familia na deni la usingizi anaamshwa na neno moja la mtu asiyemjua, tena kwa kazi isiyomletea hata shilingi. Neno hilo lina nini ndani yake?

Tuanze na neno lenyewe. Asante limetoka kwenye Kiarabu, ahsanta, maana yake umefanya vyema. Watu wa pwani walilipokea, wakalizoesha sarufi yetu hadi likakubali kuongezwa -ni ya wingi, tukapata asanteni. Kwa asili yake, basi, anayesema asante hazungumzii furaha yake mwenyewe wala faida aliyoipata. Anamgeukia mwenzake na kumwambia: kazi yako nimeiona, na ni njema. Maana hiyo tumeisahau kwa sababu neno tunalitumia kutwa, kwa kondakta na kwa muuza vocha, lakini bado imo.

Mwaka 2016 mtafiti Sara Algoe na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wapenzi wanavyoshukuriana. Waliyagawa maneno ya shukrani mafungu mawili: yanayomsifu aliyetenda, na yanayoeleza alichofaidi mwenye kushukuru. Fungu la kwanza ndilo lililomfanya mpokeaji ajisikie kupendwa na kuwa karibu na mwenzake. La pili halikuwa na nguvu hiyo. Niliposoma matokeo hayo nilimkumbuka bibi yangu, ambaye hakuwahi kusema “asante” ikabaki peke yake. Ukimletea maji, atasema asante, umeyafunika vizuri, hayana hata jani.

Katika jumuiya ya kujitolea mtandaoni jambo hili ni zito kuliko nyumbani, kwa kuwa nyumbani unaonwa hata bila kusemwa. Mama anakuona unafagia. Jirani akipita anakwambia pole na kazi, nawe unamjibu nimeshapoa, mambo yameisha. Mtandaoni hakuna anayepita uani. Unasahihisha tarehe, unaweka picha, unatafsiri menyu ya programu, kisha kimya. Huwezi kujua kama kimya hicho ni ridhaa, dharau, au ni kwamba hakuna mtu kabisa.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000 zilizoandikwa na watu wasiolipwa. Nyenzo za kushukuriana ndani ya Wikipedia zilijengwa polepole. Kitufe cha kumshukuru mtu kwa hariri mahususi kililetwa mwaka 2013. Ukikibonyeza, mwenzako anapata arifa inayoonyesha ni hariri ipi. Watu wengine wakiangalia kumbukumbu wataona kwamba wewe umemshukuru yule, lakini hawataona kwa lipi. Napenda sana mpangilio huo: jumuiya inajua kuwa kuna shukrani imepita, ila undani wake unabaki baina ya wawili.

Kabla ya kitufe kulikuwa na nyota. Hizi zina historia tamu. Katika mashamba ya Marekani, hasa Pennsylvania, watu walizoea kupamba maghala ya nafaka na mifugo kwa nyota kubwa. Ghala lenyewe mara nyingi lilisimamishwa na majirani wote kwa pamoja, kwa siku moja au mbili, wanawake wakipika na wanaume wakiinua boriti. Msomaji wa Upareni ameshalitambua jambo hili: ni msaragambo. Wajenzi wa tovuti za mwanzo za kushirikiana walifananisha kazi yao na ujenzi huo, wakachukua nyota kuwa tuzo ya aliyefanya kazi ya wote. Wazo hilo lilifika Wikipedia mwishoni mwa 2003. Tangu hapo mhariri yeyote anaweza kumbandikia mwenzake nyota kwenye ukurasa wake wa majadiliano, pamoja na sentensi moja au mbili za kueleza sababu. Haihitaji kamati wala muhuri.

Je, nyota hizo hufanya kazi? Mwaka 2012 Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha jaribio kuhusu swali hilo. Walichukua wahariri 200 wa Wikipedia ya Kiingereza kutoka asilimia 1 ya wenye bidii kuliko wote, wakawapa nusu yao nyota bila kuwaambia kwamba ni utafiti, nusu nyingine wakawaacha. Katika siku 90 zilizofuata, waliopewa nyota walifanya kazi kwa asilimia 60 zaidi ya wenzao. Nyota haina thamani ya fedha, wala haikupi cheo. Ni picha na maneno. Hata hivyo, watafiti hao walipolirudia jaribio na kuwaingiza wahariri wasio na bidii kubwa hivyo, hawa wa pili hawakubadilika. Wengi huliruka jambo hilo, nami naona ni la msingi. Nadhani sababu ni kwamba sifa inapotolewa kwa mtu ambaye mwenyewe anajua hajafanya kitu, haimshiki popote. Haina kazi ya kutaja.

Kwa wageni habari ni tofauti kidogo. Mtafiti Jana Gallus alifanya jaribio katika Wikipedia ya Kijerumani, likachapishwa mwaka 2017, likihusu wageni 4,007. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa tuzo yenye jina la ua la milimani, na majina yao yakaorodheshwa hadharani. Idadi ya waliobaki wakiendelea kuhariri mwezi uliofuata iliongezeka kwa asilimia 20, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana kwa mwaka mzima. Mgeni amefanya kidogo, lakini kidogo hicho kimeonwa na wenyeji. Anapata jibu la swali ambalo kila mgeni huja nalo mlangoni: je, hapa pananihusu?

Hapa lazima nitaje posho, maana kwetu hatuwezi kuzungumzia kujitolea tukaikwepa. Mwaka 1971 Edward Deci alionyesha kwamba wanafunzi waliolipwa kwa kutatua fumbo walilokuwa wakilifurahia walipunguza hamu nalo malipo yalipokoma, wakati waliosifiwa kwa maneno hawakupoteza hamu. Tangu hapo wapo viongozi wa jumuiya wanaoutumia utafiti huo kama kisingizio: tusiwape kitu, tutawaharibu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kumrudishia mtu nauli ya kutoka Mbagala hadi ukumbini, na bando alilolitumia kupakia picha mia mbili, hakumgeuzi kibarua. Ni kumwondolea hasara. Kijana asiye na kazi aliyejitolea siku nzima kwa gharama yake, kisha akapewa cheti na makofi tu, hajashukuriwa. Amekopwa. Deci alichunguza malipo ya kazi; hakuchunguza deni. Rudisha nauli kwanza, kisha mtazame usoni umwambie alichokifanya vizuri. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Na mashine nayo isichukue nafasi ya mtu. Ukifikisha hariri ya kumi, ya mia, ya elfu, Wikipedia inakupongeza yenyewe. Ni adabu nzuri, nami siikatai. Lakini mashine inahesabu tu. Haikujua kwamba hariri ya mia ilikugharimu saa mbili za kutafuta jina sahihi la kata.

Kuna jumuiya nyingine ninayoifuatilia kwa moyo, ya wachora ramani. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukiwakusanya watu wa nchi mbalimbali wachore nyumba na njia za vijiji vya Tanzania kutoka kwenye picha za setilaiti, huku wenyeji wenye simu wakiongeza majina ya mahali. Ramani hizo zimetumika, pamoja na mambo mengine, kuwafikia mabinti wanaokimbia ukeketaji mkoani Mara, ambako kuna nyumba salama Mugumu, Serengeti. Mfikirie mchoraji aliyeko Ulaya: mbele yake kuna miraba ya mabati isiyo na watu. Anabonyeza pembe nne, anahamia paa jingine. Asante gani itamfaa huyu? Adam Grant na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wapiga simu wa kuchangisha fedha za chuo, walipokutanishwa kwa dakika tano tu na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili huo, mwezi mmoja baadaye walikuwa wakikaa kwenye simu kwa muda uliozidi wa awali kwa asilimia 142, na fedha walizokusanya ziliongezeka kwa asilimia 171. Hawakuongezewa mshahara. Walimwona mtu aliyekuwa mwisho wa waya. Mchora ramani naye shukrani yake kamili ni kuambiwa kwamba njia ile aliyoichora imepitwa na gari, na gari limefika.

Nimezungumza mengi kuhusu shukrani, lakini furaha nayo ina mlango wake, na hapo ndipo makundi yetu ya WhatsApp yanapokwama. Nichukue jioni moja katika kundi la wahariri nililomo. Kijana wa Tanga aliandika: “Jamani leo nimefikisha makala ya mia! Ni ya silikanti.” Silikanti ni yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa nyavuni, na tangu 2009 ana hifadhi yake ya bahari huko. Vikafuata vidole gumba sita na “Hongera” mbili. Mtu akauliza namna ya kutengeneza jedwali. Mwingine akasema makala mia ni sawa, ila nyingi anazoziona siku hizi ni fupi mno. Kijana akanyamaza.

Shelly Gable na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2004, waliziweka namna za kupokea furaha ya mtu katika makundi manne, na jioni ile tuliziona tatu kati ya hizo ndani ya dakika kumi: hongera baridi, kuhama mada, na kutia doa. Ya nne ndiyo pekee iliyokwenda pamoja na uhusiano ulio imara, nayo ni kuingia ndani ya furaha ya mwenzako kwa uchangamfu na maswali. Gable, safari hii na wenzake wengine, alikuja kuonyesha mwaka 2006 kwamba namna mwenzi anavyopokea habari njema inaeleza afya ya uhusiano kuliko anavyopokea habari mbaya. Sisi Waswahili kwa msiba tuko tayari daima: pole zinatoka, mchango unatoka, turubai linafungwa. Habari njema tunaipa kidole gumba.

Tena hatukosi mazoea ya kuipokea. Mpiga ngoma akikoleza, mtu huinuka kitini, huenda hadi mbele yake na kumtunza mbele ya watu wote. Vigelegele havisubiri kuitwa. Kilichopungua mtandaoni ni kuinuka kitini. Baada ya saa moja, mama mmoja wa Kilwa, aliyekuwa hajaonekana siku nzima, aliandika: “Mwanangu, silikanti! Hilo jina la wavuvi ulilipata kwa nani?” Kijana alirudi kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, na nyuma yake zinasikika kelele za mnada wa samaki. Wengine wakaanza kuuliza. Yule wa jedwali naye akauliza kuhusu magamba ya samaki.

Kwa nini basi hatufanyi hivyo kila mara? Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu waandike barua za shukrani, kisha wabashiri zitapokewaje. Katika makala yao ya mwaka 2018 walieleza kwamba waandishi walidhani wapokeaji wataona haya kuliko walivyoona, na kwamba watafurahi kidogo kuliko walivyofurahi. Tunachelea kuonekana tunajipendekeza. Tunasema moyoni: ah, anajua tu. Hajui. Na J. Nathan Matias, aliyechunguza kitufe cha shukrani katika Wikipedia za Kiarabu, Kijerumani, Kipolandi na Kiajemi, aliona kwamba waliopokea shukrani nao walizidi kuwashukuru wengine.

Baada ya usiku ule wa Ziwa Jipe nilipitia historia za makala nilizowahi kuzigusa. Jina moja lilijirudia kila mahali. Ni mtu ambaye hajawahi kuandika makala ndefu. Kazi yake ni kupanga jamii: kila makala ikizaliwa, yeye huiingiza mahali pake, mito kwenye mito, wanasiasa kwenye wanasiasa, samaki kwenye samaki. Bila yeye msomaji anayetafuta maziwa ya Tanzania asingeyakuta pamoja. Ukurasa wake wa majadiliano ulikuwa na ujumbe mmoja tu, wa miaka mingi nyuma, nao ulikuwa wa kumkaribisha.

Nilimwandikia hivi: “Ndugu, pole na kazi. Nimeona umepanga makala za maziwa yote ya mipakani, hata Jipe na Chala ukaziingiza kwenye jamii za nchi zote mbili. Mimi niliandika tu, wewe ndiye uliyefanya zionekane.”

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu jibu likaja.

“Nimeshapoa. Kumbe yupo anayeona? Chala nilihangaika nayo wiki nzima.”

Nikamuuliza ilikuwaje.