Umepasuliwa tumbo, mbona bado linasumbua?

Mgonjwa aliyeondolewa sehemu ya tumbo, au aliyeunganishiwa tumbo na utumbo mwembamba kwa sababu kidonda kiliziba njia ya chakula, huruhusiwa kurudi nyumbani akiamini mambo yamekwisha. Baada ya miezi kadhaa yuko duka la dawa, Kayanga au Nkwenda, anaomba omeprazo. Isipomsaidia anaongeza vidonge. Lakini omeprazo kazi yake ni kupunguza asidi, na shida ya mgonjwa huyu huenda haihusiani na asidi hata kidogo.

Mimi huanza na swali moja: ukishakula, inachukua muda gani kabla hujajisikia vibaya?

Mlango wa chini wa tumbo ukiondolewa au kurukwa, chakula huporomokea utumboni kabla hakijasagika. Maji ya mwili yanavutwa huko. Ndani ya nusu saa tumbo linanguruma, moyo unakwenda mbio, kizunguzungu kinaanza, kisha mtu anakimbilia chooni. Kuna na aina ya pili, inayokuja saa moja hadi tatu baada ya kula: sukari iliyoingia kwa kasi imeamsha insulini kupita kiasi, sukari ya damu inashuka. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, anashikwa na njaa kali, pengine anazimia. Kwetu jasho na kutetemeka ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo! Kipimo cha sukari cha kidole, kikichukuliwa wakati dalili zipo, humaliza ubishi.

Tiba inaanzia kwenye sahani. Ndizi na maharage uendelee kula, ila kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na maji uyanywe nusu saa baada ya chakula. Chai ya sukari nyingi, soda na juisi ya ndizi mbivu ndizo zenye kesi. Rubisi ya ndizi nayo iache; ina pombe, na mara nyingi sukari bado imo.

Hayo yakishindikana, ndipo dawa. Kwa sukari inayoshuka ipo akarbosi, inayomezwa na tonge la kwanza ili wanga uvunjwe polepole. Anayeitumia ajue jambo moja: sukari ikishuka, ile ya mezani haitamwokoa upesi, kwa kuwa dawa yenyewe inazuia isivunjwe. Atumie glukosi ya unga, au asali. Wanaozidiwa huchomwa sindano za oktreotidi, dawa ghali ya daktari bingwa. Anayeharisha kwa sababu ya nyongo hupewa kolestiramini. Loperamidi hutuliza tu.

Dawa inayonitia wasiwasi ni metoklopramidi, kwa jinsi inavyopatikana kirahisi. Inasukuma chakula kitoke tumboni haraka, kwa hiyo inamfaa ambaye tumbo lake limelegea na chakula kinalala humo. Huyu ambaye chakula chake kinaporomoka, atazidi kuumia. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha ulimi na midomo ikichezacheza yenyewe. Mwaka 2009 Marekani iliagiza pakiti zake zionye dhidi ya kuitumia zaidi ya wiki 12.

Omeprazo ina nafasi yake: kidonda kipya kwenye kiungo cha upasuaji. Hapo upimwe bakteria wa vidonda vya tumbo, waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, na uachane na diklofenaki.

Aliyeondolewa tumbo lote anahitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano. Akiba ya ini humdanganya miaka miwili au zaidi kabla miguu haijaanza kufa ganzi.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au ukizidi kukonda, usipitie dukani. Nenda Nyakahanga, Isingiro au hospitali iliyo karibu nawe, na ubebe karatasi ya upasuaji wako. Bila kujua ulikatwa nini na kuunganishwa wapi, daktari atakuwa anabahatisha dawa.