Kabla bunduki haijaingia dunguni

Mpunga unapoanza kutoa masuke katika delta ya Rufiji, familia nyingi za Nyamisati na vijiji vya jirani hugawanyika. Wenye nguvu huvuka kwa mtumbwi kwenda mashambani na kulala kwenye madungu kwa wiki kadhaa. Mama mwenye mtoto mchanga huenda naye mgongoni, kwa sababu hakuna wa kumwachia. Mchana kazi ni kuamia ndege na kufukuza nyani. Usiku ni zamu ya nguruwe pori.

Kundi moja likiingia shambani, asubuhi mkulima hukuta mpunga umelazwa na mihogo imechimbuliwa. Madebe yatapigwa, moto utawashwa, mbwa watabweka, na kesho yake nguruwe watarudi. Ndipo baba wa familia anapoanza kuulizia bei ya bunduki.

Hofu yake si ya mazao peke yake. Kati ya 2002 na 2004 simba aliyebandikwa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji, hadi naye alipouawa Aprili 2004. Alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Mwaka 2005 mtafiti Craig Packer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, na nguruwe pori walikuwa sehemu ya sababu: nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na katikati yao kuna mtu aliyelala shambani.

Kwa hiyo swali la bunduki gani ni la haki. Ila kwa nyumba yenye watoto lina maswali mengine ya kulitangulia.

Gobore, raifo au shotigani?

Gobore ndilo la bei nafuu, na ndilo baya kuliko yote. Baruti hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu kwa kukadiria, na mitutu mingi ya kienyeji ni bomba lililogeuzwa kazi. Likipasuka, linapasukia mkononi na usoni kwa aliyelishika. Kulimiliki bila kibali ni kosa kama ilivyo kwa silaha nyingine yoyote.

Raifo ya komeo ndiyo wawindaji wengi duniani huitumia kwa wanyama wa ukubwa wa swala au nguruwe. Mpigaji hufyatua risasi moja, kisha huvuta komeo kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Kaliba ya .22 ni ya sungura na kanga. Nguruwe akipigwa nayo hukimbia na jeraha, na nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kwa anayemfuata kichakani. Kaliba kama .375 ni ya nyati na simba, inapiga bega la mpigaji kwa nguvu na risasi zake ni ghali. Katikati kuna .308 na .30-06, ambazo zinatosha.

Za bei ya kati zinazojulikana ni kama Tikka ya Ufini, Howa ya Japani na CZ ya Cheki. Nchini Marekani nyingi huuzwa kati ya dola 500 na 1,000, bila darubini. Hapa nchini mnunuzi ahesabu pia gharama za kuiingiza na za kibali. Kwa hewa ya chumvi ya Nyamisati, kitako cha plastiki ngumu na mtutu wa chuma kisichoshika kutu vina maana kuliko mbao iliyochongwa vizuri, kwa kuwa mbao huvimba kwa unyevu na chuma cha kawaida huliwa haraka.

Tatizo la raifo katika delta ni umbali. Risasi ya .308 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4, na delta ni tambarare, haina kilima cha kuizuia. Ikigonga maji kwa pembe ndogo huruka tena, kama kijiwe ambacho watoto hurusha mtoni. Nyuma ya nguruwe kuna dungu la jirani, na giza halionyeshi nani amelala ndani. Anayepiga kutoka juu ya dungu kuelekea chini walau ana ardhi ya kupokea risasi. Anayepiga akiwa amesimama kwenye tuta hana. Gololi za shotigani huishiwa nguvu mapema zaidi, ndiyo maana kwa mnyama aliye hatua 30 shotigani ina busara kuliko raifo.

Na kwa familia nyingi, busara zaidi ni kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji ili askari wa wanyamapori waitwe, majirani wakilinda kwa makundi badala ya kila mtu na dungu lake. Mnyamapori ni mali ya umma hata akiwa shambani kwako. Silaha nayo ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015: kibali ni cha mwenye jina lake, si cha shemeji wala cha kijana anayelinda zamu ya usiku. Kibiti inakumbuka mauaji ya 2017, ya askari polisi na viongozi wa vijiji, na hakuna anayetaka kukutwa na bunduki isiyo na karatasi.

Italala wapi?

Hapa ndipo wazazi wengi hupita haraka. Bunduki hutumika dakika chache kwa msimu mzima, muda uliobaki iko nyumbani na watoto.

Juu ya kabati, chini ya godoro au darini si mahali pa kuificha. Watoto hupajua hapo kabla ya wageni. Kinachotakiwa ni kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa kufuli, risasi zikiwa kwenye kasha jingine lenye ufunguo wake. Raifo ya komeo ina faida moja ambayo wauzaji huisahau: komeo hutoka. Likiondolewa na kuwekwa mbali, bunduki haiwezi kufyatua, hata mtoto akiipata. Gobore halina cha kuondolewa namna hiyo.

Kumfundisha mtoto asiguse, aondoke na kumwambia mkubwa ni jambo jema, lakini halitoshi. Tafiti zilizofanyika Marekani zimeonyesha watoto waliokwisha kufundishwa bado huishika bunduki wakiachwa nayo peke yao. Na si watoto wadogo tu. Bunduki iliyo karibu huongeza hatari ya mtu kujiua, hivyo kijana au mtu mzima akiwa kwenye huzuni nzito, itolewe nyumbani kwanza na mazungumzo yafuate.

Dungu halina ukuta wala kufuli. Anayelala na watoto dunguni hana pa kuiweka bunduki kwa usalama, na hilo peke yake linatosha kumaliza mjadala kwa familia ya namna hiyo.

Masikio na kitoweo

Mlio wa raifo hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja. Mtoto aliye kando ya mpigaji huumia sawa na mpigaji, na usikivu uliopotea hivyo haurudi.

Nguruwe haliwi na wengi katika delta, lakini mwenye leseni ya kuwinda anaweza kuleta nyama ya paa. Risasi za kawaida zina madini ya risasi, na zikigonga mfupa humeguka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyosambaa mbali na jeraha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoathirika zaidi ni mtoto anayekua na mimba. Kata na kutupa nyama yote inayozunguka jeraha, kwa upana wa kiganja au zaidi. Usiilowanishe kwa ndimu au siki kabla ya kuikata, kwa kuwa uchachu huyeyusha madini hayo na kuyaingiza kwenye mchuzi. Mjamzito na watoto wadogo wapewe samaki siku hiyo. Risasi za shaba tupu zipo, ni ghali kidogo, na mwenye kibali aziulize dukani kabla ya kununua boksi la kwanza.