MAELEZO KWA WANANCHI: MABADILIKO YA MFUMO WA UBANAJI WA PICHA KATIKA TELEVISHENI ZA SETILAITI

Mara kwa mara hutokea kwa mwananchi mwenye dishi juu ya paa lake kuwasha televisheni na kukuta chaneli aliyoizoea haionyeshi kitu, ilhali dishi halikutikisika, waya haukukatika na televisheni yenyewe haina ubovu. Jina la chaneli linaonekana, pengine hata sauti inasikika, lakini kioo ni cheusi. Aghlabu huitwa fundi, dishi likazungushwa na fedha zikatumika, na hali ikabaki kama ilivyokuwa.

Sababu moja kubwa ya jambo hilo ni kubadilishwa kwa mfumo wa ubanaji wa picha na shirika linalorusha matangazo, yaani kutoka mfumo wa zamani uitwao MPEG-2 kwenda mfumo mpya wa MPEG-4. Maelezo haya yanakusudia kufafanua nini maana ya ubanaji, kwa nini mashirika huubadilisha, nani hubeba gharama za mabadiliko hayo, na mwananchi afanye nini kabla ya kutoa fedha zake.

NINI MAANA YA UBANAJI

Picha ya televisheni ya kawaida, kwa kipimo kinachotumika katika nchi zetu, ina mistari 576, na kila mstari una nukta 720. Picha kama hizo hupita 25 katika kila sekunde. Lau zingelipelekwa kama zilivyo, chaneli moja tu ingelihitaji zaidi ya megabiti 160 kwa sekunde. Njia moja ya setilaiti, ambayo wataalamu huiita transponda, kwa kawaida hubeba takriban megabiti 30 hadi 40 tu. Kwa hivyo, bila ya ubanaji, hata chaneli moja isingelienea katika njia hiyo.

Ubanaji ni kupunguza yale ambayo si lazima kupelekwa. Mathalan, jahazi linapita mbele ya Forodhani. Mbingu ni ile ile, bahari ni ile ile, na kinachobadilika zaidi ni mahala lilipo jahazi. Badala ya kupeleka picha nzima mara 25 kwa sekunde, mtambo hupeleka picha moja iliyo kamili, kisha ukafuatisha maelezo ya tofauti peke yake: kwamba kipande hiki cha tanga kimesogea kulia kwa kiasi hiki, na povu limezidi pale. Kipokezi kilichopo nyumbani huyasoma maelezo hayo na kuijenga upya picha kwa haraka ambayo jicho haliwezi kuitambua.

Mfumo wa MPEG-2, uliokamilishwa katikati ya miaka ya 1990, huigawa picha katika vipande vya mraba vya nukta 16 kwa 16. Mfumo uliofuatia, ambao hujulikana kwa jina la MPEG-4 AVC au H.264, ulikamilishwa mwaka 2003 kwa kazi ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) na Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO). Mfumo huo huweza kuvigawa vipande hadi nukta 4 kwa 4, na huweza kuilinganisha picha na picha nyingi zilizotangulia badala ya moja au mbili. Natija yake ni kwamba picha yenye ubora ule ule huchukua takriban nusu ya nafasi iliyokuwa ikichukuliwa zamani. Transponda iliyokuwa ikibeba chaneli 8 za kawaida inaweza kubeba 16.

Hata hivyo, kadiri maelezo yanavyozidi kuwa ya ufundi ndivyo chombo cha kuyafasiri kinavyotakiwa kuwa na uwezo zaidi. Kazi hiyo hufanywa na kijisahani cha elektroniki kilichomo ndani ya kipokezi, ambacho kiwandani kimetengenezwa kwa mfumo maalumu. Kipokezi cha MPEG-2 ni sawa na msomaji aliyefundishwa hati moja tu: akiletewa barua ya hati nyengine, barua ataipokea lakini hataweza kuisoma. Hapana fundi wala dishi kubwa liwezalo kubadilisha jambo hilo.

KWA NINI MASHIRIKA HUBADILISHA

Picha ya kiwango cha juu, maarufu kwa jina la HD, ina mistari 1,080 ya nukta 1,920, sawa na mara 5 ya nukta za picha ya kawaida iliyotajwa hapo juu. Shirika lenye chaneli nyingi za HD lina njia mbili: kurusha setilaiti nyengine kwa gharama kubwa mno, au kuzibana picha zaidi. Fauka ya hayo, mahala pa kuziweka setilaiti angani na masafa yake hugawiwa kwa taratibu za kimataifa, na wala haviongezeki kwa kutaka.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya DIRECTV ya Marekani. Kampuni hiyo ilianza kuwahudumia wateja mwezi wa Juni 1994, kwa madishi madogo ya upana wa sentimita 46 hivi, na ikawa miongoni mwa za mwanzo duniani kurusha televisheni ya dijitali moja kwa moja majumbani. Kwa miaka iliyofuata mamilioni ya vipokezi vya MPEG-2 vilienea nchini humo.

Watu walipoanza kutaka HD nafasi ilikuwa haitoshi. Mwaka 2005 kampuni ilianza kurusha chaneli za HD za miji mbali mbali kwa mfumo wa MPEG-4. Mwezi wa Julai 2007 setilaiti yake ya DIRECTV 10 ilirushwa kutoka Baikonur, nchini Kazakhstan, na mwezi wa Machi 2008 ikafuatia DIRECTV 11. Setilaiti hizo zilitumia masafa ya juu zaidi kuliko zile za mwanzo. Kwa hivyo mteja aliyetaka HD mpya alihitaji kipokezi kipya na dishi jipya pia, kwa kuwa dishi dogo la duara la mwaka 1994 halikuweza kuyapokea masafa hayo.

Linalostahiki kuzingatiwa zaidi ni namna zamani na mpya vilivyokwenda pamoja. Kampuni haikuzizima kwa ghafla chaneli za kawaida za MPEG-2, bali iliendelea kuzirusha sambamba na zile mpya, ingawa kufanya hivyo kulikula nafasi angani. Mwaka 2019, yaani miaka 14 tangu MPEG-4 kuanza, kazi ya kuziondoa ilikuwa bado inaendelea.

NANI HUBEBA GHARAMA

Faida ya ubanaji hupatikana angani, lakini gharama yake hushuka majumbani. Shirika huokoa nafasi katika setilaiti, na katika kila nyumba chombo kimoja hupoteza thamani yake. Kwa hivyo suala la nani mwenye chombo hicho ni kubwa. Tangu mwezi wa Machi 2006 DIRECTV iliwakodisha wateja wake wapya vipokezi badala ya kuwauzia. Maadam chombo ni mali ya kampuni, kukibadilisha ni jukumu lake, na hilo ni miongoni mwa yanayoifanya kampuni isiwe na haraka.

Pale ambapo mwananchi amenunua chombo kwa fedha zake hali ni nyengine, na hapo serikali huwa na sehemu yake. Ufaransa ilibadilisha televisheni yake ya mitambo ya ardhini kutoka MPEG-2 kwenda MPEG-4 katika usiku mmoja, wa kuamkia tarehe 5 Aprili 2016. Lakini usiku huo ulitayarishwa kwa miaka kadhaa. Sheria ya mwaka 2007 ilikwisha kuwataka wenye kuuza televisheni wahakikishe kwamba, kuanzia mwisho wa mwaka 2012, kila televisheni inayouzwa inaweza kufungua MPEG-4. Na kaya zilizosamehewa ada ya televisheni kwa sababu ya uzee au kipato kidogo, zikiwa zinategemea antena peke yake, ziliwekewa msaada wa euro 25 wa kununulia kipokezi.

Katika eneo letu, nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwezi wa Novemba 2010 kwamba televisheni ya dijitali ya mitambo ya ardhini itumie mfumo wa DVB-T2 pamoja na MPEG-4. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Disemba 2012. Madishi ya setilaiti hayamo katika makubaliano hayo: kila shirika linalorusha kwa setilaiti hubadilisha mfumo kwa wakati wake, na aghlabu mwenye dishi la bure, asiyelipia kwa mwezi, hapati taarifa kabla. Ndiyo maana mzigo wa kujua humwangukia yeye mwenyewe.

MAMBO YA KUZINGATIA

(i) Ikiwa chaneli moja au mbili zimepotea ilhali nyengine za setilaiti hiyo hiyo zinaonekana vizuri, haielekei kwamba dishi ndilo lenye kosa. Asikubali mtu kununua dishi jipya kabla ya kujua chaneli hiyo inarushwa kwa mfumo gani.

(ii) Jina na sauti vikiwepo bila ya picha, hiyo ni dalili ya kipokezi kisichoweza kuufungua mfumo mpya. Njia nyepesi ya kuhakikisha ni kuazima kipokezi cha MPEG-4 na kukijaribu kwa waya na dishi lile lile.

(iii) Chaneli ikiwa haionekani hata kwa jina, huenda lililobadilishwa ni namna ya kurusha, yaani kutoka DVB-S kwenda DVB-S2. Hilo ni jambo jengine mbali na ubanaji, ingawa mara nyingi yote mawili hubadilishwa pamoja.

(iv) Anayenunua kipokezi aangalie maandishi juu ya boksi. Kwa dishi yatafutwe maneno DVB-S2 na MPEG-4 au H.264. Vipokezi vya namna hiyo kwa kawaida hufungua pia chaneli za MPEG-2 zilizobakia. King'amuzi kilichoandikwa DVB-T2 peke yake ni cha antena, na hakitafanya kazi kwa dishi.

(v) Neno HD lililoandikwa juu ya televisheni huhusu kioo chake. Halithibitishi kwamba kipokezi kilichounganishwa nayo kinaweza kufungua MPEG-4.

(vi) Mfumo wa HEVC, au H.265, uliokamilishwa mwaka 2013, hupunguza tena nafasi kwa takriban nusu ya ile ya MPEG-4, na yapo mashirika yanayoutumia. Mwenye kununua chombo cha kukaa nacho miaka mingi aulize kama kinaufungua na huo, kisha apime tofauti ya bei.

(vii) Anayelipia huduma kwa mwezi aulize, kabla ya kutia saini, kipokezi ni mali ya nani, na mfumo ukibadilika ni nani atakayekibadilisha. Jibu lake liwe kwa maandishi.

Wananchi wa Unguja na Pemba, hususan wazee wanaoishi peke yao na wenye migahawa inayoonyesha mpira, wanashauriwa kuyahifadhi maelezo haya na kumwonyesha fundi kabla hajapanda juu ya paa.