Breki Iliyoshika: Tela za Mbaraki na Matairi Yanayoliwa Mahali Pamoja

Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa Kisiwa cha Mombasa, hujulikana na wageni kwa mnara wake wa kale wa mawe ya matumbawe. Wenyeji hulijua eneo hilo zaidi kwa gati, maghala na foleni za malori. Ni katika foleni hizo ambapo mtazamaji makini huona tairi la tela ambalo upande mmoja bado lina meno mazuri, ilhali mahali pamoja limekwanguliwa hadi nyuzi zikaonekana. Tairi la namna hiyo huzusha ugomvi. Mwenye gari humlaumu dereva kwamba alifunga breki kwa pupa. Dereva humlaumu fundi. Fundi naye humlaumu aliyeuza tairi. Makala haya yanafafanua jinsi breki za tela zinavyoliharibu tairi la tela, na jinsi kitenzi kimoja cha Kiswahili kinavyochangia kuukoroga ugomvi huo.

Tela hupewa breki zake yenyewe kwa sababu iliyo wazi. Lori likisimama huku tani nyingi zikiendelea kusukuma kutoka nyuma, mkia utakipita kichwa na vyote viwili vitajikunja. Breki hizo huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, ambayo madereva huiita upepo. Injini hujaza upepo katika mitungi hadi kufikia paundi 100 au 120 hivi kwa kila inchi ya mraba, nao hufika kwenye tela kwa mipira miwili: mmoja huleta upepo wa kudumu, wa pili huleta amri ya mguu wa dereva.

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba upepo huo hufanya kazi mbili zinazopingana. Dereva akikanyaga, upepo hukaza breki. Gari likiegeshwa, breki hukazwa na springi nene, na upepo ndio unaoirudisha springi nyuma ili magurudumu yawe huru. Fikra ya kuufanya upungufu wa upepo uwe amri ya kusimama ilianzia katika reli. Mmarekani George Westinghouse alisajili hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, lakini katika mfumo huo wa kwanza mpira ulipokatika mabehewa yalibaki bila breki. Mwaka 1872 aliugeuza mfumo wake: upepo ukitoroka, breki hujifunga zenyewe. Usalama huo una gharama yake, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na tairi. Upepo ukivuja polepole na kushuka chini ya paundi 60 hivi, springi huanza kusukuma kidogo kidogo. Tela haisimami, wala haiendi huru, huburutwa.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Dereva anayeegesha gari na kumwambia fundi kwamba breki imeshika amesema nini? Yamkini anasifu: breki iliyokuwa dhaifu sasa inafanya kazi. Yamkini analalamika: breki imekwama na haitaki kuachia. Kauli ni ile ile, na hata kitenzi kamata, kinachotumiwa mahali pake, kina uso huo huo wa pili. Chanzo cha utata ni kiambishi cha wakati -me-, ambacho huonyesha tendo lililokamilika na vilevile hali inayoendelea kutokana na tendo hilo. Askari ameshika mwizi ni habari ya tendo; mwanafunzi ameshika kalamu ni habari ya hali. Breki imeshika inaweza kusomwa kwa njia zote mbili, na fundi aliyeisoma kwa njia isiyokusudiwa huliachia gari lirudi barabarani likiwa na ugonjwa wake.

Kauli nyingine za gereji zina mitego kama hiyo. Kufunga breki ni kusimamisha gari, lakini kufungua breki si kinyume chake, kwa kuwa fundi akifungua breki amevua gurudumu na kutoa viatu vya breki nje. Kinyume cha kweli ni kuachia. Mwanafunzi wa isimu aliyezoea kuambiwa kwamba funga na fungua ni jozi ya vinyume angefaidika kwa saa moja tu ya kukaa chini ya mti pamoja na mafundi.

Turejee kwenye tairi. Mbaraki ina adui ambaye gereji za bara hazimjui sana, nao ni umande wa chumvi. Tela ikikaa siku kadhaa ikingoja mzigo huku breki za kuegeshea zimefungwa, kutu huota kati ya viatu na dramu na kuvigandisha. Siku ya kuondoka upepo hujaa, springi hurudi, lakini viatu havibanduki. Kichwa cha lori kina nguvu za kutosha kuivuta tela hivyo hivyo, na gurudumu moja huburutwa juu ya lami kama kifutio juu ya karatasi. Mita chache za mwanzo zaweza kutosha kuliachia alama tairi.

Madhara makubwa zaidi hutokea safari ya kurudi. Bandari ya Mombasa hupokea mzigo mwingi kuliko unaopelekwa nje, hivyo tela nyingi hurejea pwani zikiwa tupu. Breki zilizoundwa kuzuia mzigo kamili huwa kali mno kwa tela tupu. Dereva akikanyaga kwa ghafla kwenye mteremko wa Mazeras, magurudumu mepesi ya tela hufungika kabisa ilhali lori bado linakwenda. Sehemu ya tairi iliyogusa lami wakati huo hukatwa bapa. Baada ya hapo gurudumu hudunda kila linapozunguka, na ubaya wake ni kwamba likifungika tena hupenda kusimama papo hapo penye bapa, hata pakachimbika hadi kwenye nyuzi. Tela zenye vifaa vya kupima uzito wa mzigo au vya kuzuia magurudumu kufungika huepuka sehemu kubwa ya balaa hili, maadamu vifaa hivyo ni vizima.

Dereva hahisi lolote. Ekseli tatu za tela huweza kubeba matairi 12, na la ndani katika kila pacha halionekani kwa kioo. Hali hiyo haiwahusu wasafirishaji wa Mombasa peke yao. Nchini Marekani, watu wanaosafiri kwa magari makubwa yaliyo nyumba huvuta nyuma yao gari dogo, magurudumu yake yote manne yakiwa chini, na ndani yake huweka kifaa kinachoukanyaga mguu wa breki kila gari kubwa linapopunguza mwendo. Kifaa kikiwa kikali kupita kiasi, au kisipoachia, gari dogo huburutwa maili nyingi bila anayelivuta kutambua, na matairi yake hupata bapa zile zile.

Tairi lenyewe, hata hivyo, hutoa ushahidi. Likilika mabegani pande zote mbili, kwa kawaida upepo wake ulikuwa mdogo; likilika katikati, ulizidi. Bapa moja lenye michirizi ya kuburutwa huelekeza kwenye breki. Matairi yote ya tela yakiwa na bapa, kuna uwezekano mkubwa kwamba breki zilikanyagwa kwa nguvu tela ikiwa tupu. Gurudumu moja tu likiwa nalo, tena dramu yake ikiwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari, kosa liko katika viatu, springi au kirekebishi cha gurudumu hilo, na dereva hana hatia.

Kiswahili kina nyenzo za kuyatenganisha mambo haya bila kuazima neno lolote. Mnyambuliko wa shika hutoa shikilia, wenye maana ya kuendelea kushika bila kuachia. Breki inashika vizuri ni sifa. Breki inashikilia ni ugonjwa. Breki haiachii ni ugonjwa huo huo kwa kauli iliyo wazi zaidi. Dereva anayeandika katika daftari la gari kwamba gurudumu la nyuma kushoto haliachii amempa fundi mahali pa kuanzia, naye fundi atalivua hilo kabla ya kugusa mengine.