Umeangushwa na bodaboda? Usiuze haki yako kando ya barabara

HEBU fikiria ni Ijumaa jioni, mvua inanyesha na matatu zote zimejaa. Unaamua kupanda bodaboda ili uwahi nyumbani. Kabla ya kufika, pikipiki inateleza, inagonga gari, nawe unajikuta umelala kwenye lami huku mguu hausogei. Umati unakusanyika. Kisha mwendeshaji anakuinamia na kusema kwa sauti ya chini: "Pole sana. Shika hizi elfu tano tuyamalize hapa hapa. Polisi watatusumbua bure."

Je, ungefanyaje?

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alizipokea pesa hizo. Alidhani ameteguka tu. Siku mbili baadaye, eksirei ilionyesha kwamba mfupa wa goti ulikuwa umepasuka. Alikaa miezi minne bila kufungua kibanda chake cha mboga, na mwendeshaji yule hakuonekana tena katika steji ile. Mama huyu hakuwa na nambari ya pikipiki, hakuwa amepiga ripoti kwa polisi, wala hakujua kwamba sheria ilikuwa upande wake.

Ajali haina kinga, wasema wahenga. Lakini aliyeumia ana haki, na mara nyingi haki hiyo hupatikana au hupotea katika siku chache za kwanza.

Nani hulipa?

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka kila chombo cha moto kinachotumia barabara kiwe na bima ya kuwalinda watu wengine, na pikipiki ni mojawapo. Bima hiyo humfidia mpita njia aliyegongwa. Humfidia pia abiria, mradi pikipiki iwe imekatiwa bima ya kubeba abiria wa kulipa. Kiwango cha juu ambacho kampuni ya bima hulazimika kumlipa mtu mmoja chini ya sheria hiyo ni Sh3 milioni.

Mwendeshaji mwenyewe halipwi na bima hii kwa majeraha yake. Hata hivyo, ikiwa ni gari lililomgonga yeye, naye ana haki ya kumdai mwenye gari.

Na kama pikipiki haina bima? Usikate tamaa. Bado unaweza kumshtaki mwendeshaji pamoja na mwenye pikipiki. Unajua vyema kwamba pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Kuna tajiri anayepelekewa hesabu kila jioni. Korti ikiridhika kwamba mwendeshaji alikuwa akimfanyia tajiri huyo kazi, naye pia atatakiwa kulipa. Jina la mwenye pikipiki hutafutwa katika rekodi za NTSA kwa kutumia nambari ya usajili. Ndiyo sababu nambari hiyo ina thamani kuliko zile elfu tano.

Mambo ya kufanya mapema

Kwanza, tafuta matibabu hata kama unahisi uko salama. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Rekodi za hospitali za siku hiyo ndizo zitakazoonyesha kwamba majeraha yalitokana na ajali.

Pili, nakili au piga picha nambari za vyombo vyote vilivyohusika. Kama huwezi, mwombe aliye karibu nawe. Chukua pia majina na simu za mashahidi wawili au watatu.

Tatu, ripoti kwa polisi. Sheria ya trafiki humtaka dereva aripoti ajali iliyojeruhi mtu katika muda wa saa 24, lakini usimtegemee yeye. Nenda au umtume mtu wa jamaa yako, upewe nambari ya OB. Baadaye utachukua ile hati ya polisi ambayo wengi huiita abstrakti, na fomu ya P3 itakayojazwa na daktari.

Nne, weka kila risiti: ya dawa, eksirei, magongo, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Fidia ni ya aina mbili. Kuna ya maumivu na ulemavu, ambayo korti hukadiria yenyewe, na kuna ya gharama ulizotumia. Hii ya pili hailipwi kwa maneno matupu. Bila ushahidi kama risiti, pesa hizo huzioni.

Makosa yako pia huhesabiwa

Sheria inataka abiria wa pikipiki avae helmeti na jaketi inayong'aa, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Ikiwa mlipandana watatu, au helmeti uliikataa kwa kuchelea kuharibu nywele, korti inaweza kusema kwamba ulichangia kuumia kwako na kupunguza fidia.

Chunga kalenda

Kwa kawaida, kesi ya majeraha hufunguliwa katika muda wa miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa uligongwa na gari la Serikali, muda ni miezi 12 pekee. Mtoto akiumia, mzazi anaweza kushtaki kwa niaba yake, na hakuna sababu ya kungoja akue. Aliyeumia akifariki, mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea wana haki ya kudai.

Kampuni ya bima nayo lazima ijulishwe mapema kwamba kesi inafunguliwa. Isipojulishwa katika muda uliowekwa, inaweza kukataa kulipa.

Jihadhari pia na madalali wanaozunguka wadi za hospitali wakiwa na karatasi za kutiwa sahihi. Usitie sahihi usichokielewa, hasa hati inayosema kwamba umelipwa na huna dai tena. Kama huna pesa za wakili, mashirika kama Kituo cha Sheria hutoa ushauri kwa wasiojiweza, na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016.

Jirani yangu sasa hutembea akichechemea kidogo. Anapokumbuka siku ile, hajilaumu kwa kuchukua elfu tano, kwani alizihitaji za kwenda hospitali. Anachojuta ni kuiacha pikipiki ile iondoke bila hata mtu mmoja kuandika nambari yake.