Esansi ao mazuti? Mbele ya kutoa feza ya likelemba, tupige kwanza hesabu



Kisha mkutano wetu wa mwisho, wamama wawili walibaki mlangoni wakibishana. Kila mmoja anakaribia zamu yake ya likelemba, na kila mmoja, pamoja na bwana yake, anataka kununua motokari ya okazio. Wa kwanza alisema: "Mazuti ndiyo yenye nguvu. Angalia makamyo ya mine!" Wa pili akajibu: "Mazuti ikiharibika, utauzisha mpaka vyombo vya nyumba." Wote wawili walisema kweli, lakini hawafanyi kazi moja. Na feza hiyo ni jasho la miaka. Basi tuangalie jambo hili polepole.

Motere ya esansi inawasha mafuta kwa cheche ya buji. Motere ya mazuti haina cheche. Inakandamiza hewa kwa nguvu mpaka hewa ile inakuwa moto sana, na mazuti ikipulizwa ndani inawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeonyesha motere ya namna hiyo katika muji wa Augsburg, mwaka wa 1897. Juu ya kukandamizwa huko, motere ya mazuti inatengenezwa nzito na ngumu, na pompi na injekteri zake ni vyombo vya bei. Faida yake ni kwamba kwa kazi ileile inakunywa kidogo kuliko ya esansi, mara nyingi karibu robo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme motokari ya esansi inakunywa litri 9 kwa kilometa 100, na ya mazuti litri 7. Tuseme tena kwamba ya mazuti inauzishwa dola 1500 zaidi, na kwamba litri moja ya mafuta, esansi ao mazuti, ni dola moja na nusu. Hizo ni namba za mfano tu. Ninyi mtaweka bei ya siku mtakayonunua.

Mama wa kwanza, yule anayesifu mazuti, anakaa Kikula. Anapeleka watoto kwenye masomo, anapita sokoni, anarudi. Ni kilometa 20 hivi kwa siku, kama 500 kwa mwezi. Kwa esansi atatumia litri 45, kwa mazuti litri 35. Anaokoa litri 10 kwa mwezi, litri 120 kwa mwaka, ni kusema dola 180. Ili arudishe zile dola 1500, atangoja miaka zaidi ya 8! Tena safari fupi-fupi, motere ikiwa haijapata moto vizuri, hazifai kwa mazuti. Moshi mweusi unagandamana ndani.

Mama wa pili, yule anayeogopa mazuti, anapeleka mahindi na mboga Lubumbashi mara tatu kwa juma. Kutoka hapa Likasi ni karibu kilometa 120 kwenda, na nyingine 120 kurudi. Kwa mwezi ni karibu kilometa 3000, tena na mzigo. Yeye ataokoa litri 60 kwa mwezi, dola 1080 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi, feza ya ziada imerudi yote. Mnaona? Kila mmoja alikuwa anatamani motokari ya mwenzake.

Lakini hesabu haimaliziki kwenye mafuta. Mazuti haipendi maji wala uchafu. Motere za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser ao 3L ya Hiace, zina pompi ya kawaida, na mafundi wengi wanaizoea. Motere mpya, kama zile Toyota anaandika D-4D, zinasukuma mazuti kwa nguvu kubwa sana kupitia matundu madogo. Bidoni moja yenye maji, iliyonunuliwa kwa bakadafi kando ya barabara, inaweza kuziharibu injekteri zote. Kwa hiyo, mama wa pili achague motere ya zamani iliyotunzwa, ajaze kwenye stesheni anayoijua, na abadilishe filtri kwa wakati. Na shofere asikosee: esansi ikiingia ndani ya motere ya mazuti, pompi inakosa mafuta ya kuilainisha na inakufa. Akigundua kosa, asiwashe hata kidogo.

Siku ya kwenda kuangalia motokari, nendeni asubuhi pamoja na fundi wenu, si fundi wa mwenye kuuzisha. Wekeni mkono juu ya kapo. Kama ni moto, waliwasha mapema ili kuficha kitu. Mnajua baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7. Likasi iko karibu metre 1300 juu ya bahari, na mazuti iliyochoka haiamki asubuhi kama hiyo. Angalieni na moshi. Wa bluu, mafuta ya motere yanaungua. Mweusi sana kwa mazuti, mara nyingi ni injekteri ao filtri ya hewa. Mweupe usioisha hata motere ikiwa moto, pengine maji yanaingia ndani. Kisha mufungue kifuniko cha mafuta ya motere huku inazunguka. Moshi ukitoka kwa nguvu, muage kwa heshima na murudi nyumbani.

Ombeni karatasi zote, na zaidi zile za duane, kwa sababu motokari zetu nyingi zinatoka Japani, zinapita Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa. Namba ya shasi kwenye karatasi iwe ileile iliyo kwenye chuma. Mukumbuke tena kwamba volani iko kuume na sisi tunatembea kuume. Kupita kamyo kwenye barabara ya Lubumbashi, shofere hawezi kuona mbele vizuri. Asiharakishe.

Neno la mwisho ni juu ya watoto. Wakati mafuta yanakosekana, wengi wanaweka bidoni ndani ya nyumba. Mvuke wa esansi unashika moto hata wakati wa baridi, na unatambaa chini mpaka kwenye mbabula. Mazuti haiwaki haraka hivyo, lakini moshi wake, shirika la utafiti wa kansere la OMS liliuweka mwaka wa 2012 kati ya vitu vinavyoleta kansere. Musiache motere inazunguka kwenye mlango wa jiko. Na mtoto asivute mafuta kwa mdomo na tuyo, hata mara moja.

Juma lijalo, kila mama anayefikiri kununua alete karatasi yenye namba nne: kilometa zake za mwezi, bei ya litri, bei ya motokari mbili anazolinganisha, na feza atakayobakisha kwa garaji. Tutahesabu pamoja. Asiyebakisha kitu kwa garaji, tutamwomba angoje zamu nyingine.