Muthara: Nchi Iliyo Kati ya Mlima na Nyika

Msafiri atokaye mji wa Meru akielekea upande wa kaskazini-mashariki huuacha Mlima Kenya nyuma yake, na baada ya mwendo si mrefu huona mbele yake safu nyingine ya milima. Hiyo ndiyo Nyambene. Si mirefu kama Mlima Kenya, kwa maana kilele chake kina urefu wa karibu mita 2,500 tu juu ya bahari, wala haina theluji. Lakini watu wengi sana huishi kwa neema yake. Miongoni mwao ni watu wa Muthara, wadi moja katika nchi ya Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, kaskazini kidogo ya mstari wa Ikweta.

NCHI YENYEWE

Nyambene ni milima iliyotokana na moto wa chini ya ardhi. Zamani sana, kabla ya kuwako mtu wa kusimulia, mawe yaliyoyeyuka yalibubujika yakafanya safu ndefu itokayo kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Hata leo kandokando ya safu hiyo vinaonekana vilima vingi vidogo, kila kimoja mfano wa chungu kilichopinduliwa. Mawe hayo yalipooza na kusagika kwa muda mrefu, yakawa udongo mwekundu wenye rutuba, na hiyo ndiyo asili ya mashamba mazuri ya Meru.

Nchi ya Muthara ni kama ngazi. Juu kuna mashamba, ukungu na hewa ya baridi. Kadiri mtu anavyoshuka kuelekea kaskazini, miti hupungua, joto huzidi, na majani mabichi huwa makavu. Mwisho wake ni nyika ya Isiolo, nchi ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Mtu aweza kuamka asubuhi akiwa amejifunika blanketi, na adhuhuri akatafuta kivuli cha mgunga.

HABARI YA MAJI

Mvua za nchi hii ni mbili. Za kwanza huanza mwezi wa Machi, na za pili mwezi wa Oktoba. Pepo zinazoleta mvua hutoka upande wa bahari, nazo hupiga kwanza ubavu wa kusini-mashariki wa Nyambene. Huko ndiko hutoka mito kama Ura na Thangatha, ambayo maji yake huteremka hata kufika mto Tana. Ubavu wa kaskazini hupata masalio tu.

Tena kuna jambo la pili. Mawe ya Nyambene yana matundu, na udongo wake hunywa maji upesi. Mvua hunyesha, lakini maji huzama chini, yakaenda kutokea mbali, katika chemchemi za nchi tambarare. Kwa hiyo mgeni hustaajabu kuona shamba la kijani kibichi, na mama wa nyumba ile ile akibeba mtungi kwenda mbali kutafuta maji. Si kwamba mlima umenyimwa maji, bali huyaficha.

Kilichobaki juu ya mlima ni msitu, nao ndio mlinzi wa maji. Majani ya miti mikubwa huukamata ukungu, na matone huanguka chini hata siku isiyo na mvua. Mmisionari mmoja Mwitaliano wa Shirika la Consolata, Bruda Giuseppe Argese, aliliangalia jambo hilo kwa makini. Wenyeji walimwita Mukiri, yaani mtu mnyamavu. Katika msitu wa Mukululu alichimba njia chini ya ardhi za kuyakusanya maji hayo, kisha yakapelekwa kwa mabomba hadi Tuuru, palipokuwa na kituo cha watoto walemavu, na kutoka huko hadi vijiji vingi vya Tigania na Igembe. Kazi hiyo haikuumba maji mapya. Iliyakamata tu yale ambayo msitu ulikuwa umekwisha kuyavuta kutoka mawinguni. Msitu ukikatwa, mabomba yatabaki, lakini hayatakuwa na kitu cha kupitisha.

WENYEJI NA ASILI YAO

Wenyeji wa Muthara ni Watigania, fungu mojawapo la Wameru, nao husema Kimeru. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba babu zao walitoka mahali paitwapo Mbwa, kisiwa karibu na pwani, ambako walitumikishwa na watu waliovaa nguo nyekundu. Wakatoroka wakiongozwa na Koomenjwe. Waliovuka maji usiku waliitwa weusi, waliovuka alfajiri waliitwa wekundu, na waliovuka mchana waliitwa weupe. Majina hayo ya koo yamekumbukwa hata katika siku zetu.

Utawala wao wa asili haukuwa wa mfalme, bali wa rika na wa baraza. Baraza kuu ni Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru, Tigania Magharibi. Serikali ya Kiingereza ilipojenga boma Meru mwaka 1908, ilikuta baraza hilo likiamua kesi za ardhi, mifugo na damu. Serikali zimebadilika, Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, na tangu mwaka 2013 Meru ina serikali ya kaunti. Lakini wazee wa Njuri wangali wanaheshimiwa.

KAZI ZAO

Huko Uswisi, katika milima ya Alps, wachungaji hukaa bondeni wakati wa theluji, na wakati wa joto huwapandisha ng'ombe mlimani kula majani. Desturi ya Watigania ni kinyume chake: makao na mashamba yako mlimani, na malisho yako chini nyikani. Watu wote wa milimani hujua hekima hii moja, kwamba nchi ya juu na nchi ya chini ni shamba moja.

Katika sehemu za juu za Nyambene, mathalani Michimikuru, hulimwa chai. Chini yake kuna kahawa, ndizi, mahindi na maharagwe, na chini zaidi mtama na mbaazi. Zao lenye sifa kuliko yote ni miraa, ambayo lazima imfikie mnunuzi ingali mbichi, na kwa hiyo husafirishwa kwa haraka sana. Mwaka 2013 Uholanzi iliipiga marufuku, na Uingereza ikafuata mwaka 2014. Hapo wakulima wengi walijifunza kwamba si busara kutegemea zao moja.

JAMBO LA KUANGALIWA

Wakati wa kiangazi, mfugaji wa nyikani hupanda kutafuta majani, na mkulima hushuka kutafuta ardhi. Hukutana katikati, na mara nyingine mkutano huo si wa heri. Mpaka wa Meru na Isiolo umeleta ugomvi kwa miaka mingi, na damu imemwagika. Maafisa na wazee wa pande zote mbili wamekaa barazani mara nyingi kutafuta amani.

Lakini mawe ya mpaka peke yake hayatazima kiu. Maji yanayozama Nyambene hutokea katika chemchemi za nyikani, yakanywewa na ng'ombe wa mtu ambaye pengine hajapanda mlima huo hata mara moja. Mtu wa Muthara akatapo mti wa msituni hupunguza maji ya mtoto wake, na pia ya jirani yake wa chini. Na jirani mwenye kiu hapandi mlimani kwa amani. Basi autunzaye msitu, akachimba matuta shambani mwake na kuweka tangi la kukinga maji ya paa, anafanya kazi ya maji na kazi ya amani pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.